Fundi wa Kutundika Mapazia

11 Januari

Wifi yangu Sindano,

Habari za huko kwenye baridi? Huku jua linatuchoma tangu asubuhi na hatulalamiki, maana ndilo linalotuletea wageni. Nyumba imejaa tangu mwaka uanze. Mpishi wangu ni mzima na bado ananuna. Mwanao wa chuo cha uuguzi alinipigia juzi, akasema mitihani imemkondesha, nikamwambia shangazi yake hana huruma na watu wembamba, aje nimlishe.

Ninakuandikia barua kwa sababu simu yako haina faida. Nikikuuliza hali, unasema salama, salama, halafu unasema kuna mteja mlangoni. Barua haina mteja mlangoni. Nimeituma kwa basi na wewe utajibu kwa basi.

Sasa nisikilize. Chumba cha kona nimekipaka rangi upya. Kina madirisha mawili makubwa, yote yanatazama bahari, na mgeni akilala humo jua linamwamsha kabla hajamaliza ndoto yake. Kinataka mapazia. Mshonaji wa mapazia ninayemwamini ni mmoja tu, ingawa ana kiburi. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii, nimepima mwenyewe, kwa hiyo usinipigie kuuliza kama nina uhakika.

Na uyalete mwenyewe. Njoo Ijumaa, uondoke Jumapili jioni. Usije kufanya kazi. Njoo ulale mchana, ule, ukae barazani utazame watu wazima wakichezea mchanga. Tangu kaka atutoke hujakanyaga hapa. Mwaka wa pili sasa unakatika. Nilikuwa nimenyamaza, leo nimesema.

Wako,
Kamishna

(Kaka alinipa jina hili kwa kunikebehi, mimi nikalipenda. Ndiyo maana naendelea kulitumia.)


20 Februari

Kamishna wangu,

Shikamoo ya utani, maana najua umenizidi miaka miwili na hupendi kukumbushwa. Mimi mzima. Mwanetu amefaulu, tena vizuri, na sasa anapima mapigo ya moyo ya kila mtu anayeingia nyumbani. Kazi ipo. Nimeshona mapazia ya ofisi ya mawakili, wakayarudisha mara mbili kwa sababu hawakukubaliana wao kwa wao juu ya rangi.

Samahani kwa kuchelewa. Lifti ya jengo letu ilikufa mwezi mzima, na wewe unajua karakana yangu iko ghorofa ya nne. Majora ya kitambaa hayapandi ngazi yenyewe. Bahati nzuri fundi lifti ni mtu mwungwana, alikuwa akinipandishia begani huku akisubiri vipuri. Fundi lifti anasema mashine yenyewe ni nzima, ila milango yake ndiyo inayosumbua. Fundi lifti pia ndiye aliyenitafutia msafirishaji wa kitambaa chako, kile cha buluu iliyopauka, na bitana nyeupe nyuma yake ili jua lisikile.

Sasa jambo ambalo limenikera. Jirani yangu wa karakana, yule anayeshona sare, aliniuliza ninamshonea nani kazi nzuri namna hii. Nikasema wifi yangu. Akacheka. Akasema, mume akishakufa, wifi anatoka wapi? Nilimjibu, na jibu nililompa halifai kuandikwa. Lakini neno lake limenikaa kooni. Unajua sina dada wala kaka. Shangazi aliyenilea alishakwenda zake. Watu wangu ni mwanangu na wewe, basi. Ukiniambia wewe si wifi yangu tena, sijui nitajiita nani.

Wikiendi bado siwezi. Kazi imebana. Nitakutumia mapazia kwa basi.

Wako,
Sindano


2 Machi

Wewe Sindano,

Sisi wazima, mpishi kanuna zaidi. Mgeni mmoja amefunga ndoa hapa barazani na kumwomba mpishi acheke kwenye picha. Picha imetoka mbaya.

Mwambie jirani yako aje aniulize mimi huyo wifi anatoka wapi. Nitamwonyesha anakotokea na anakokwenda.

Mapazia kwa basi sitaki. Nikiyaona yamekuja bila wewe nitayarudisha kama mawakili wako. Usizunguke mbuyu, wifi. Kazi haijawahi kukubana. Wewe ulishona gauni la harusi yako mwenyewe asubuhi ya harusi na ukafika kanisani kabla ya bwana harusi, tukakaa pale tunamsubiri kaka kama tunasubiri treni. Kuna kitu kingine. Sikuulizi ni nini. Ninakuambia tu kwamba nimeona kipo.

Halafu, katika barua yako fundi lifti ametajwa kuliko mwanao. Nimefurahi kwamba lifti yenu ina mtu wa kuijali.

Chagua wikiendi. Nijibu kabla sijapanda basi kukufuata.

Kamishna


28 Aprili

Kamishna wangu,

Salamu kutoka kwa mwanetu. Anasema presha yako anaijua bila kuipima. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara nyingi kabla ya kuijibu, ndiyo maana umenisubiri.

Nitakuja Ijumaa ya pili ya mwezi ujao. Mapazia yamekwisha na yamependeza, nisijinyime sifa. Ila sitakuja peke yangu. Kuta zenu ni za mawe ya zamani, zinataka drili yenye nguvu, kwa hiyo nimemwomba fundi wa kutundika anisindikize. Ni mtu mtulivu. Hali chakula kingi. Mpe chumba chochote, hata kile cha nyuma chenye ndoo.

Naona aibu kidogo kuja baada ya kimya kirefu. Lakini nakuja, na nimenunua kofia pana ambayo sitathubutu kuivaa huku.

Wako,
Sindano


19 Mei

Kamishna wangu mpendwa,

Tulifika salama. Basi lilipata pancha njiani, abiria wakashuka wakagombana na dereva, na mimi nikashangaa kwamba sikukasirika hata kidogo. Bado nilikuwa na mchanga kwenye viatu.

Nikushukuru vipi? Sijalala mchana tangu mwanetu azaliwe, na kwako nililala siku zote mbili, tena usingizi wa mdomo wazi. Niliamshwa na harufu ya mashuka yaliyoanikwa juani na sauti yako ikimfokea mtu uani. Nilitembea ukingoni mwa bahari bila kwenda popote. Nilikula aiskrimu ikanichuruzika mpaka kiwikoni, mwanamke wa umri wangu, na hakuna aliyenitazama. Nilikaa barazani na kofia yangu nikahesabiwa kuwa mgeni tajiri, yule mama wa chumba cha pili akaniuliza kama nina duka. Nikamwambia ninayo mawili. Nisamehe.

Jumamosi nilipoingia majini mpaka magotini nikacheka mwenyewe kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba ninacheka hivyo. Marehemu alikuwa akisema kicheko changu kinavunja vikombe. Nilimkumbuka pale, na haikuniuma kama nilivyodhani. Ilikuwa kama kumkumbuka mtu aliyekaa chumba cha jirani.

Mapazia yamekaa sawa, au siyo? Naomba radhi kama fundi alitoboa sana. Na nasikia ulimpa kazi nyingine nyingi ambazo hakuja kuzifanya, ingawa hakulalamika. Anakusalimu.

Kuna jambo nilitaka kukuambia Jumapili tulipokuwa tunakunja taulo. Ulitoka kwenda kumwona mpishi, ukakawia. Si kitu. Litakuja siku nyingine.

Nijibu upesi, nikusikie.

Wako,
Sindano


30 Julai

Sindano,

Sisi wazima. Mpishi ameacha kazi, amerudi, nimempokea. Wageni wamepungua, vyumba vingi viko wazi, kwa hiyo sina mahali pa kujificha. Sikukujibu Juni na sikukujibu mwezi huu, na wewe ulipopiga simu nilisema kuna mgeni mlangoni. Sasa tumelipana.

Nitasema yote mara moja, kisha wewe utasema yako.

Yule mtu si fundi wa kutundika mapazia. Wewe umetundika mapazia yako mwenyewe miaka yote, umesimama juu ya stuli na misumari mdomoni ukiwa na mimba ya miezi saba, kaka akikushika miguu na kuomba Mungu. Leo ukuta wangu ndio ukutishe? Lakini nilingoja nimtazame. Akapanda ngazi. Akatoa bolti nene kama kidole gumba. Akapima, akatoboa, akapima tena, jasho linamtoka, kazi ya nusu saa akaifanya mpaka chakula cha mchana kikapoa. Aliposhuka akaning'inia kwenye lile bomba la pazia kwa mikono miwili, akaniambia kwa fahari kabisa, "Dada, hili sasa linabeba watu wanane."

Watu wanane! Mimi nilitaka libebe kitambaa. Nikasema moyoni, hiyo ni hesabu ya lifti, kumbe lifti yenyewe imekuja. Tangu hapo namwita Bwana Bolti, na mpishi naye anamwita hivyo, ninyi tu ndio mlikuwa hamjui. Wenyewe wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ninyi mlikuja nyumbani kwangu mnakohoa, halafu mnasema ni vumbi.

Jumamosi mlikaa barazani. Alimenya chungwa, kipande cha kwanza akakunyooshea wewe bila kugeuza shingo, nawe ukakipokea bila kugeuza shingo. Nilikuwa nimebeba chai yenu. Niliirudisha jikoni, nikaingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango nikalia, nisikufiche. Nilimlilia kaka yangu. Halafu nikakasirika. Halafu nikatoka nikampa yule mtu pampu ya maji aitengeneze.

Pampu ilikuwa inakwenda, wifi. Haikuwa mbovu sana. Nikampa na feni la sebuleni, na mlango wa chumba cha tatu, na bawaba za geti. Wewe ulikuwa umelala na mdomo wako wazi, hukuona. Nilitaka achoke, apande basi, aende zake. Kila alipomaliza moja alikuja kusimama mbele yangu kungoja jingine. Jumapili tukiwa getini, mimi nimeshika bisibisi, yeye yuko chini na bawaba, akasema bila kuinua kichwa, "Dada, kama lipo jingine, lilete. Ila nikimaliza yote, naomba unitazame usoni mara moja tu. Tangu juzi hujanitazama."

Nilimwambia anipe koleo. Ndilo jibu nililompa, na linanichoma mpaka leo.

Ulipotaka kusema tukikunja taulo, nilijua. Nilikwenda kwa mpishi makusudi. Niliogopa, basi. Kaka nimemzika. Nilidhani ukitamka lile neno nitakuwa nimekuzika na wewe, maana ukiolewa utapata wifi mwingine, mwenye haki kuliko mimi, na mimi nitabaki kuwa mwenye gesti fulani uliyewahi kumshonea mapazia.

Je, ana dada? Jibu hilo kwanza.

Kisha sema kilichokuleta, kwa kinywa chako. Nimechoka kukisoma kwenye habari za lifti.

Kamishna


8 Agosti

Wifi yangu,

Leo sina salamu ndefu. Sote wazima.

Ana dada mmoja. Nimekutana naye. Ni mtu mwema, mpole, anakubaliana na kila ninalosema. Nilikaa naye alasiri nzima nikarudi nyumbani nina kiu ya mtu wa kunipinga. Hilo ndilo jibu lako, na ungelijua ungelala vizuri Juni na Julai yote.

Sasa langu. Fundi lifti anataka kunioa na mimi nataka kuolewa naye. Nimeliandika. Mwanetu anajua, amempima presha, amempitisha. Sikuja kwako kuomba ruhusa, maana mimi si mtoto. Nilikuja kwa sababu sikuweza kuanza maisha yale na wewe ukiwa nje yake. Nilitaka umwone kwanza ukiwa hujui, umpende bila kulazimishwa, kisha nikuambie. Ulikuwa mpango wa kijinga. Kumleta fundi lifti kutundika mapazia mbele ya mtu kama wewe! Yeye mwenyewe alinionya. Alisema, huyo dada uliyenisimulia atanishika kabla sijafungua begi. Na ujue mtu huyu hushuka kwenye mashimo ya ghorofa tisa akining'inia kwa mkanda, lakini siku ile sikuweza kumwingiza majini hata vifundoni. Alisimama kwenye mchanga mkavu ameshika viatu vyangu. Labda nilimpenda zaidi pale.

Hajachukua nafasi ya kaka yako. Nafasi ile ina mwenyewe. Hili ninalisema mara moja na sitalirudia, maana tukilirudia tutaanza kuonekana tunajitetea.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo zito. Wazee wake wanataka kuja kuniposa kwa heshima, kama watu. Juzi wakaniuliza, twende kwa nani? Wifi, nilikaa kwenye kochi nikahesabu watu wangu kwa vidole. Wazazi hawapo, shangazi hayupo, ndugu sina. Mzee wao mmoja akasema kwa upole kwamba basi watazungumza na mimi mwenyewe, haidhuru. Nikasema inadhuru. Nikasema ninao watu. Wakauliza ni nani na wako wapi, nikataja mji wako.

Najua ninaloomba. Ninaiomba nyumba ya mume wangu initoe niende kwa mume mwingine. Kama haliwezekani, niambie bila kupindisha, nitakuelewa na nitaendelea kukuita wifi hata ukinikataza. Lakini ninaomba waje kwako.

Sindano


12 Agosti

Wifi,

Barua yako imefika mchana, ninaijibu alasiri hii hii, basi la jioni litaibeba. Mpishi anakusalimu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilimsomea kipande, nilihitaji mtu wa kumsomea.

Waje.

Waje Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, wasichelewe, na waambie sitawarahisishia. Nitawakalisha barazani jua likiwa mbele yao ili niwaone vizuri. Nitawauliza maswali ambayo mama yangu alikuuliza wewe, na mengine niliyoyatunga mwenyewe tangu mchana. Yule dada mpole naye aje, akae karibu yangu, nimfundishe kupinga. Na Bwana Bolti mwambie asilete drili. Safari hii yeye ni mgeni, atakunywa chai yangu mikono ikiwa mapajani, na nitamtazama usoni mpaka aombe niache. Akishakuoa atakuwa shemeji yangu, na shemeji nitamtania mpaka akome.

Nilikwenda kaburini kwa kaka asubuhi ya leo, kabla barua yako haijafika. Nilikuwa nimekwenda kumlaumu kwa kutuachia mambo haya. Nikajikuta ninamweleza habari za watu wanane na bomba la pazia, nikacheka peke yangu pale, mtu mzima. Nina hakika angecheka kuliko mimi. Nilirudi nikiwa mwepesi, na ndiyo maana barua yako haikunikuta na hasira.

Wazee wa watu wataniuliza, wewe ni nani wake? Ni swali la haki, na nimelifikiria huku nikiandika. Nitawaambia hivi. Huyu, kaka yangu alimleta nyumbani kwetu akiwa msichana, tukampokea. Kaka ameondoka. Huyu hakuna aliyemrudisha kwao.

Kamishna